Pense ya Kushika Unywele Mmoja

Ilivunjikia mkononi. Sikuiangusha, wala sikuigonga na nyundo. Nilibana waya mwembamba tu, waya ambao hata haya meno yangu machache yangeukata, nikasikia tak! na mdomo mmoja wa pense, koleo yangu ndogo, ukaruka ukaenda kugonga sufuria ya mke wangu. Nikabaki nimeshika mpini wenye mdomo mmoja. Nikaokota kile kipande, nikatazama pale kilipokatikia. Ndani kilikuwa cha kijivu, punjepunje, kama sukari iliyopata maji ikakauka. Mimi nimekaa na chuma tangu sijaota ndevu, nimefungua injini za kamyo zilizotoka Dar, zilizotoka Bukavu, na nyingine hata mwenyewe alikuwa hajui zilitoka wapi, na sijawahi kuona chuma chenye punje. Nilikaa chini palepale kwenye saruji.

"Iko nini?" mke wangu akauliza.

"Pense imevunjika."

"Ile ya jana?"

"Ile ya jana."

"Ile ulisema ni nzito, itatuzika sisi wote?"

Kweli nilisema hivyo, na kosa lilikuwa humo humo katika uzito, nitaeleza. Ila kwanza nieleze mzee kama mimi alikuwa anatafuta nini na pense ndogo kama kidole.

Mgongo ndio ulionitoa garage. Mikono ilikuwa bado inataka kazi, lakini mgongo ukasema basi, na mgongo haubishani na mutu. Nikarudi nyumbani, mtaa wa Bwiza, nikakaa barazani siku tatu, ya nne nikaona nitakufa kwa kutazama watu wanaopita. Nikachukua ubao wa sanduku la sabuni, makopo ya tomate na vifuniko vya chupa, nikatengeneza kamyo. Ndogo, urefu wa mkono. Nikatengeneza nyingine. Sasa ziko juu ya kabati ya televisheni, zimepangana kama zinangoja mpaka wa nchi ufunguliwe. Sikuuza hata moja na hakuna aliyeomba kununua, kwa sababu nasema ukweli: kwa mbali ni kamyo, ukizikaribia ni matofali yenye magurudumu. Nilikuwa nazitengeneza kwa vyombo vya kufungulia magurudumu ya kweli. Tindo langu dogo kabisa lilikuwa pana kuliko mlango wa dereva.

Hilo halikunisumbua. Kamyo ilikuwa ni ya kujifurahisha. Jambo lililonisumbua lilitoka kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Mama alikuwa anauza ndagala sokoni kutoka asubuhi, baba alikuwa kwenye cherehani yake, sisi wadogo wanne tulikuwa mgongoni mwa dada, mmoja baada ya mwingine, na mimi wa mwisho nilibebwa mpaka miguu inagusa chini. Sasa yuko Mutanga Nord kwa mtoto wake wa kiume, nyumba ina vigae sakafuni, ina mukaza mwana mwenye heshima, hakosi kitu. Isipokuwa macho. Sukari imekula macho yake. Daktari alisema kilichoenda kimeenda, na kilichobaki kinaenda. Lunete alizopewa anazivaa kwa heshima ya aliyezinunua.

Sasa, nyumba ya wazazi wetu, ile tulimozaliwa hapo hapo Bwiza, iliuzwa zamani mama alipofariki. Nilikuwa napita pale mara mojamoja, nasalimia ukuta kwa macho, naenda zangu. Siku moja nikapita, nyumba hakuna. Nilizunguka ule mtaa mara mbili nikidhani nimepotea, mimi, niliyezaliwa hapo! Kisha nikaona rundo, na watu wanapakia matofali kwenye gari, wanaimba. Ghorofa itajengwa. Nilishikilia mti wa umeme. Mtu mmoja akaniuliza, "Muzee, unatafuta nani?" Nilikuwa natafuta nani?

Nikafanya kosa la kwenda kumwambia dada siku ileile. Hakulia. Alisema:

"We si unatengeneza vitu vidogo?"

"Kamyo tu, dada."

"Nitengenezee nyumba. Mi sasa naona kwa vidole. Bado niko na picha yake kichwani, lakini giza ikikaa sana nayo itafutika. Nataka niipapase mbele haijafutika. Na nikiipapasa niijue, we usiniambie hapa ni wapi. Kama utaniambia hapa ni wapi, basi hujajenga kitu."

Ndiyo kazi niliyopewa. Nyumba ambayo vidole vya mwanamke mmoja vitaijua bila kuambiwa, na ijengwe kabla kichwa chake hakijaisahau.

Nikaanza kwa vyombo vyangu. Nilijenga ukuta mmoja tu wa mbele, mbao nzuri, nikakata dirisha kwa tindo, nikalainisha kwa tupa ya garage, ile ya kusugulia vyuma. Mimi niliona umependeza. Nikampelekea aujaribu. Aliweka kidole chake cha shahada kwenye kizingiti cha dirisha, akakitembeza pole pole, kisha akaruka: "Yoo!" Mwiba wa mbao, mrefu, ulikuwa umeingia chini ya kucha. Damu ikatoka ikadondokea kanga. Mtu asiyeona anakupa kidole chake, ndicho jicho lake, na wewe unakitoboa.

"Mudogo wangu," akasema akinyonya kidole, "unanijengea nyumba ama unanijengea miiba?"

Basi nikajua: vyombo vyangu ni vya kamyo, hii kazi inataka vyombo vidogo, na viwe vizuri. Pense ndogo ya kushikia, lime ndogo, yaani tupa, ya kulainishia, na sizo ndogo, yaani makasi. Nikaenda Asiatique, mtaa wa maduka.

Kuna duka pale la vyuma, la familia iliyotoka Omani enzi za mababu, na mzee mwenyewe, Hadji, ananijua tangu nikiwa kijana wa kutumwa boliti. Siku hiyo alikuwa msikitini, nikahudumiwa na mutu wake wa kontwari, ile meza ya kuuzia. Akanimwagia pense ndogo mbele yangu, zinang'aa kama samaki. Na hapa ndipo uzito unapoingia. Sisi watu wa garage chombo tunakichagua kwa kukipima mkononi. Ufunguo mzito ni ufunguo mzuri, mwepesi utakuacha njiani Bugarama, kwenye mvua. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nami nilivyofundisha wengine. Nikazipima moja moja kiganjani, nikachukua nzito kuliko zote. Sikuifungua hata kuitazama mdomo. Na kesho yake ikavunjika, kama nilivyoeleza.

Niliirudisha vipande viwili ndani ya leso. Safari hii Hadji alikuwepo, kofia yake na lunete zake kwenye ncha ya pua.

"Bwana fundi, ulichagua vipi hii?"

"Kwa uzito, Hadji."

Akanitazama kama nimemwambia nilioa kwa uzito. "Hii imemiminwa kwenye kalibu kama keki," akasema. "Wameijaza mavi ya chuma, takataka ya chuma. Nzito, ndiyo. Jiwe pia zito." Akachukua nyingine kutoka kwenye boksi, akafunga midomo yake, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. "Tazama. Unaona nini?"

"Naona jua."

"Ndani ya mdomo uliofungwa unaona jua! Itashika nini hiyo?" Akaitikisa karibu na sikio langu. Ilikuwa inacheza kwenye kiungo, chaka chaka, kama meno ya bandia. Akachukua lime ndogo, akaigonga kwenye kontwari: ilitoa sauti ya mti. "Chuma kilichopikwa vizuri kinalia. Hiki kimenyamaza. Utalainishia ugali."

Nilishangaa mpaka nikachukia. "Hadji, na unaziuza?"

"Wanaziuliza, nauza. Watu wanataka kinachong'aa. Wewe mwenyewe ulikuja na mkono, hukuja na jicho."

Na kweli, nikawaza njia nzima. Sisi hapa tuna lile neno letu la nguo za mitumba, caguwa, ambalo ni kuchagua tu limevaa Kirundi. Mwanamke wa hapa akienda kwenye rundo la caguwa anageuza nguo ndani nje, anavuta mshono, anatazama kwapa, ananusa kola, hata wewe muuzaji unaona aibu. Lakini mwanamume akinunua chombo cha kazi yake, anakipima mkononi, anasema hii dume, anaondoka. Miaka yote hiyo mimi sijawahi kugeuza pense ndani nje.

Basi nikamwuliza Hadji nzuri ziko wapi. Akavua lunete, akazifuta, akasema bila kucheka:

"Unatafuta pense ndogo, lime ndogo, sizo ndogo. Nenda kwa mama wa saloni, kulekule kwenu Bwiza, nyuma ya soko."

"Saloni ya nini?"

"Ya wanawake. Ya kucha na nyusi."

Nilidhani ananitukana. Niliondoka bila kumuaga, Mungu anisamehe, mtu aliyehiji. Wiki nzima nilinuna. Lakini dada alipiga simu, akasema asubuhi ameamka dirisha la chumba limekuwa weupe tu, halina pembe tena. Pembe za dirisha zimepotea. Nikavaa shati la Ijumaa nikaenda saloni.

Unajua saloni ya Bwiza siku ya Alhamisi? Wanawake wamejaa, vichwa viko ndani ya mashine, miguu iko ndani ya mabeseni, redio inaimba, na wote wakanyamaza mara moja kama nimeingia bafuni.

"Muzee anaoa!" mmoja akasema.

"Apana, amekujia nyusi."

"Nyusi gani? Tazama zile, ni majani ya paa!"

Nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo, "Natafuta pense."

Mama wa saloni, mwanamke mnene, mikono imejaa hina, alikuwa anafanya kucha za mutu. Aliinua macho kidogo tu, akaiona mikono yangu ya garage. "Pense iko hapa. Lime iko hapa. Sizo iko hapa. Unataka nini tena, muzee, nikubadilishie na mafuta ya injini?"

Walicheka mpaka maji ya mabeseni yakamwagika. Na mimi nilisimama nimeshtuka, kwa sababu alisema kweli. Yale maneno yetu ya garage, pense, lime, sizo, ambayo nimeyasema maisha yangu yote nikidhani ni ya wanaume wenye grisi, yalikuwa yamelala pale kwenye taulo jeupe, madogo, masafi, kila moja mahali pake. Ilikuwa kama kukuta watoto wako nyumba ya pili, na hukujua kama unao.

Nikawaeleza habari ya dada yangu. Hapo kicheko kiliisha. Mama wa saloni akafuta mikono, akamwacha mteja wake na kucha tatu za rangi na mbili tupu, akatoa boksi la pense za nyusi, kumi na mbili, mpya, zote mapacha.

"Chagua," akasema.

Nikachukua moja. Niliona aibu kuipima uzito, nikaifunga midomo nikaiinua kwenye mwanga, kama Hadji. Hakukuwa na jua.

"Hii," nikasema.

"Hiyo haifai kitu." Akanyoosha mkono kwenye kichwa cha aliyekuwa karibu, akachomoa unywele. "Yee!" yule mwanamke akapiga kelele. Mama wa saloni akauweka unywele juu ya kioo chenye tone la maji, ukalala ukagandamana. "Uokote."

Nilijaribu. Uliteleza. Nikajaribu kwa nguvu, na pense ikafanya kitu ambacho sikukitegemea: kadiri nilivyobana, midomo ikapishana kama miguu ya mlevi, unywele ukabaki chini. Akanipa nyingine. Hiyo iliushika, nikaunyanyua, ukakatika vipande viwili.

"Hiyo inakata. Mutu anakuja kutolewa nyusi, unamukata, kesho mizizi imeota. Nzuri inashika, haikati, haiachi. Na ukiizidishia nguvu inabaki vilevile." Akafumba macho. Nasema kweli, alifumba macho, akapitisha ncha za kila pense kwenye ngozi ya juu ya kiganja chake, akazibonyeza kidogo, kisha sana, kisha kidogo, akatupa moja kulia, moja kushoto. Kumi na mbili zikaisha. Kushoto kulikuwa na kumi. Kulia mbili.

"Boksi moja?" nikauliza. "Kiwanda kimoja?"

"Siku moja pia, labda. Wewe watoto wako wote wana akili?"

Wanawake wakacheka tena, na safari hii nilicheka nao. Kumi mbovu ndani ya kumi na mbili! Nilihesabu kichwani vyombo vyote nilivyowahi kununua kwa uzito tu.

Akaniuzia zile mbili. Kisha akatoa lime, nikadhani ananidhihaki, maana ilikuwa ya kioo. Kioo, kile cha dirisha! Upande mmoja ulikuwa na ukungu mzito kama pumzi imeganda. Akachukua kipande cha mbao nilichokuja nacho, akapitisha mara tatu, akaniambia gusa. Ilikuwa laini kama sikio la mbuzi. Ya chuma inararua, akasema, hii inasaga. Nikaona na kapense kadogo ka kukatia ngozi ya kucha, midomo inakutana kama ya mutu anayeomba dua, nikakatamani sana.

"Hako apana," akakavuta. "We ni mutu wa garage. Utakatia waya."

"Sitakatia."

"Utakatia. Nakuona mikono."

Hakukosea. Ningekatia.

Nikajenga. Asubuhi, barazani, wakati mwanga ni mzuri na mikono haijachoka. Nondo za madirisha nilizichonga kwa vijiti vya mishikaki, nikavipasua vinne vinne, nikavisaga kwa ile lime ya kioo niliyoinunua saloni, nikavibandika kimoja kimoja kwa pense. Mwanzo nilikuwa nabana kama nafungua boliti, kijiti kinaruka mpaka barabarani, mke wangu anasema limeondoka dirisha. Ilinibidi nijifunze kushika bila kukaba. Hiyo, kwa mutu wa umri wangu na kazi yangu, ni kama kujifunza kutembea. Lakini pense ile, ukiigusa kidogo tu inashika, na kijiti kinakaa pale unapokitaka, kimetulia, na wewe unapumua. Siku ya kwanza ilipotokea hivyo niliita mke wangu aje kuona. Aliona kijiti. Akasema vizuri.

Bati la paa nililitoa kwenye kopo la tomate, nikalikunja migongo juu ya misumari, na kingo zote nikazipinda ndani zisimkate. Matundu ya hewa juu ya mlango, yale ya saruji yenye maua, yalinichukua siku nyingi kuliko paa. Na mke wangu ndiye aliyeleta kipimo: kila nilichomaliza alipitisha juu yake mtandio wake wa hariri, ule wa sikukuu. Ukikamata uzi mmoja tu, anasema, "Bado, uko mwiba," na mimi narudi kwenye kioo. Alinirudisha mara nyingi mpaka nikamchukia kidogo, kisha nikamaliza.

Nilipanda teksi na nyumba mapajani, imefungwa kitenge. Dereva akaniuliza ni keki? Nikasema ni Bwiza.

Mukaza mwana wa dada alinifungulia, akanikaribisha, akaingia jikoni kupika chai. Dada alikuwa sebuleni. Nilipomsalimia aligeuza uso upande usio wangu, ndipo nikajua kwamba hata weupe wa dirisha umeshakwenda. Nikaweka nyumba mezani mbele yake. Nilikuwa nimekatazwa kusema.

Akaweka mkono juu ya paa. Ukashuka ukutani. Ukakuta mlango. Ukapanda kwenye matundu ya hewa, ukakaa hapo muda mrefu, kidole kinaingia kinatoka.

"Hapa moshi wa jiko ulikuwa unaweka nyeusi," akasema.

Mkono ukashuka mbele ya mlango.

"Hapa mama alikuwa anaanika ndagala. Hapa baba alikuwa anaacha viatu. Huku..." mkono ukazunguka nyuma, "huku ni chumba yetu." Akakuta dirisha la nyuma, akaanza kugusa nondo moja moja kwa ukucha. Kisha akarudia.

"Ziko tano."

"Tano," nikasema, na hapo kiburi kilikuwa kinanipasua.

"Zilikuwa nne."

"Dada, zilikuwa tano. Moja ikapotea, unakumbuka? Mi nikapigwa. Hiyo ya katikati nimeirudisha."

Niwaeleze. Nilikuwa na miaka saba hivi ilipopotea ile nondo. Baba alisema nimeichukua mimi, nikasukumie rimu ya baiskeli. Nikakataa, akavua mukanda. Nikaendelea kukataa, akaendelea. Mwisho nikasema ndiyo, ni mimi, ili aache. Na ikawa mimi. Nilipoanza kazi garage, ndugu wote walicheka: huyu ufundi alianza na dirisha la baba yake. Kwenye arusi yangu lilisemwa. Nimelisema mwenyewe mbele ya watu, na nilikuwa nalionea fahari, na kwa kulisema sana nikawa naiona ile nondo mkononi mwangu. Naapa, nilikuwa naiona.

"Itoe," dada akasema.

"Nitoe nini?"

"Hiyo ya katikati. Ni mi niliitoa."

Nilisikia masikio yanalia kama radiyata inayochemka. "We?"

"Mbao ya chini ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikaichimba na mpini wa kijiko, kila mchana, baba akilala. Wiki mbili."

Na hapa mutu anajijua alivyo. Dada yangu ananiambia kwamba nilipigwa bure, kwamba maisha yangu yote nimebeba kosa lake, na neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa: "Kijiko gani?"

"Kile kimoja cha mama. Nilijaribu vyote kwanza. Vingine vilipinda."

Alijaribu vyote! Msichana wa miaka kumi na mbili alikuwa ameketi jikoni, anapinda vijiko kimoja kimoja kutafuta kilicho kizuri. Mimi hiyo elimu nimeipata juzi, saloni, nina mvi.

"Kwa nini hukusema?" nikauliza. "Mukanda ule, dada."

"Niliogopa. Kisha ukasema ni we. Kisha wakacheka, ikawa hadisi. Saa gani ningesema?"

Nilikaa. Msichana hatoboi dirisha ili abaki ndani; nikawaza mwanamume gani huyo, nani alikuwa anamngoja nyuma ya nyumba mchana wa jua kali, na nikawa nawapitisha majirani wote kichwani, waliokufa na walio hai.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Hapo nyuma. Kati ya ukuta yetu na ya jirani. Kulikuwa na jiwe. Nakaa tu." Alikuwa bado ameshika dirisha. "Nikitoka na mulango, mnaamka, mnanifuata. We ulikuwa wa kwanza. Mutoto mgongoni, mutoto mkononi, dada maji, dada nina njaa. Hapo kwenye jiwe hakuna mutu aliyenijua niko. Dakika kumi. Kisha narudi na dirisha, nawaamsha."

Wanaume wote niliokuwa nimewapanga kichwani wakaondoka mmoja mmoja.

Nikatoa pense mfukoni. Gundi ilikuwa imekauka vizuri na nondo zile ziko karibu karibu, kwa vyombo vyangu vya zamani ningeng'oa dirisha lote na ukuta. Nikashika ile ya katikati, kidogo tu, nikaizungusha, nikavuta. Ikatoka. Za pembeni hazikutikisika.

Dada akatafuta ile nafasi kwa kidole, akaipata, akakiingiza mpaka kwenye kiungo. Akakiacha humo.

"Mama!" mukaza mwana akaita kutoka jikoni. "Mama, chai imeiva! Mama?"

Hakuitika. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye jiwe.